Mtoto Aliahidi, Hawakuandika

Tarehe za rufaa nilikuwa nazipata kwa mama mzazi wa mfungwa. Polisi hawakuniambia, waendesha mashtaka hawakuniambia, karani wa mahakama ndiyo kabisa. Mama yake ndiye aliyeniambia. Tunakutana kwa muuza mkaa, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba mwanangu, ananiuliza kama mgongo wangu umepoa, kisha anashusha sauti: "Ni Jumatano ijayo. Wakili kanipigia." Nami najibu asante mama. Mwanawe alimfanyia mtoto wangu ukatili, mwanawe amefungwa kwa ukatili huohuo, na mimi namwambia mama yake asante.

Msinione mjinga. Nilianza kwa kwenda ofisini kama mtu mwenye akili zake. Nikavaa gauni la kanisani, nikapanga foleni, nikauliza: rufaa ya yule bwana inasikilizwa lini? Kijana aliyekuwa mezani hakuinua macho kwenye simu yake.

"Nyie si sehemu ya shauri, mama. Shauri ni kati ya Jamhuri na mrufani. Mtoto ni shahidi. Shahidi akihitajika ataitwa."

Nikamuuliza Jamhuri ndiyo nani, maana sijawahi kuiona Jamhuri ikifua shuka za mtoto aliyeota vibaya. Akaniambia nipunguze jazba. Neno hilo, jazba, nimeitwa nalo mahakamani mara nyingi kuliko jina langu.

Mtoto mwenyewe ni wa dada yangu. Dada alifariki kwetu Upareni, nikaenda kuzika, nikarudi Dar na mtoto mgongoni. Ananiita mamdogo, lakini mama mwingine hamjui. Tunaishi Temeke, kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, na kazi yangu ni kushona vitambaa vya masofa Keko, kwa mafundi wa barabarani. Wao wanapiga misumari, mie navisha. Kazi yenyewe haina saa ya kufunga: mteja akitaka sofa Jumamosi, Ijumaa unashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuwa anashinda kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa fundi wa redio na televisheni. Alikuwa na kibanda, ndani kuna televisheni nyingi za watu, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakwenda pale kuangalia katuni. Kanisani alikuwa besi wa kwaya, na alikuwa akiimba mpaka madirisha yanatikisika. Hakunywa pombe wala hakutukana mtu. Nikiwaza ningemkabidhi nani mtoto, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kichwani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tunaisema methali hiyo kwenye misiba ya watu wengine, tunatikisa kichwa, tunarudi nyumbani na nguo zetu zilezile.

Sitaeleza alichofanya. Mtoto alishaeleza, na sehemu kubwa ya hasira yangu ni kwamba ilibidi aeleze tena. Nitasema tu kwamba alikuwa na miaka kumi, yuko darasa la nne, na alikaa na jambo lile majuma kadhaa kabla ya kumwambia mtu. Aliyemwambia alikuwa mwalimu wake wa darasa. Hakuniambia mimi. Liliniuma, na bado linaniuma, lakini ndilo lililonifanya nisiwe shahidi. Ndiyo maana niliruhusiwa kukaa naye kwenye chumba cha mahakama siku alipotoa ushahidi, milango ikiwa imefungwa kama sheria inavyotaka kesi za watoto zisikilizwe.

Kwa hiyo hili ninalolisema niliona kwa macho yangu, wala sikusimuliwa na mtu.

Hakimu alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu. Alimuuliza mtoto anasoma shule gani, anapenda somo gani, kanisani kwao wanafundishwa nini kuhusu uongo. Mtoto akajibu kwamba mwongo anachomwa moto. Kisha hakimu akamuuliza: "Sasa hapa utasema kweli au utasema uongo?"

Mtoto akalamba kidole cha shahada. Akainama mpaka chini, akagusa vigae vya sakafu, akasimama na kukinyoosha kile kidole juu, moja kwa moja kwenye feni. Akashusha mkono na kukaa.

Kama umekulia uswahilini unajua maana yake. Watoto wetu ndivyo wanavyoapa. Akigombana na mwenzake juu ya gololi, juu ya nani kamsema nani, maneno yote ni bure mpaka mtu alambe kidole, aguse ardhi, aelekeze kwa Mungu. Akishafanya hivyo ugomvi umekwisha, maana hakuna mtoto anayethubutu kufanya vile halafu akadanganya. Mtu mzima anaweza kushika kitabu kitakatifu huku anadanganya, tumewaona wengi. Lakini mtoto wa darasa la nne kulamba kidole na kugusa ardhi bure? Atalala macho wazi akisubiri radi.

Hakimu alitabasamu. Alielewa, naye mama wa watoto. Akasema, "Haya mwanangu, nimekuona. Sema sasa." Akainamia karatasi zake akaandika. Mtoto akasema, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sauti yake haikupanda wala kushuka, huku ameshika pindo la sketi. Yule besi alikuwa anaangalia dari.

Wakili wake alimuuliza maswali mengi, lakini lile ambalo sijalisahau lilikuwa hili: kwa nini ulichelewa kusema? Alilirudia kwa namna tatu au nne. Kama ni kweli, mbona hukusema siku ileile? Mbona ulikwenda shule, ukacheza, ukala, ukalala? Mtoto wa miaka kumi anaulizwa maelezo ya kila siku aliyonyamaza. Akajibu: "Nilikuwa naogopa mamdogo atalia." Wakili akasema hana swali zaidi.

Yule besi alihukumiwa miaka mingi. Tulipotoka nje nilimkumbatia mtoto pale kwenye ngazi, nikamwambia: imekwisha. Maneno haya hutayasema tena mbele ya mtu yeyote, labda upende mwenyewe. Nakuahidi. Akaniuliza kama tunaweza kunywa soda. Tukanywa.

Nilikuwa sijui lolote. Nilidhani hukumu ni kama mlango, ukifungwa umefungwa.

Mtaani maisha hayakurudi yalivyokuwa. Kwanza kulikuwa na waliosema mtoto "ameharibiwa". Nikawajibu kwamba mtoto wangu si simu, hajaharibika, na anayetaka kulirudia neno hilo aje alirudie mbele yangu. Pili kulikuwa na kwaya. Kila Jumapili, kwenye maombi, mwenyekiti wa kwaya anasimama na kusema tumkumbuke ndugu yetu aliye kifungoni. Mtoto amekaa pembeni yangu, ananisikiliza ninavyopumua. Mwaka wa kwanza nilivumilia. Mwaka wa pili nikasimama katikati ya maombi nikauliza, na mtoto aliyemtendea ukatili mnamkumbuka lini? Mchungaji akasema tuimbe. Besi wakakosa sauti, nikafurahi, Mungu anisamehe. Tukahamia kanisa lingine. Nyumba sikuihama, maana ni yangu, na aliyetakiwa kuondoka mtaani alikuwa ameshaondolewa.

Mama yake ndiye aliyebaki. Ni bibi mwembamba wa huko bara, anauza ndizi za kupika na viazi, anatembea na kijiti. Nilitamani kumchukia, nikashindwa kupata pa kushika. Siku ya kwanza baada ya hukumu tulikutana uso kwa uso kwenye kichochoro, hakuna pa kupishana. Kinywa changu kikasema shikamoo kabla mimi sijaamua. Nimelelewa hivyo. Akaitikia, akalia, akapita. Tangu siku hiyo salamu haikukatika, na ndani ya salamu hiyo ndimo nilimokuwa napewa taarifa ambazo serikali yangu ilininyima.

Taarifa ya kwanza ilikuja mtoto akiwa darasa la sita. "Mwanangu anakata rufaa," bibi aliniambia.

Nikamwambia amechelewa. Nilikuwa nimeshamuuliza mteja wangu mmoja, karani wa kampuni ya mawakili aliyekuja kuvisha upya makochi yake. Alinieleza kwamba mfungwa ana siku kumi za kutoa kusudio la kukata rufaa, na arobaini na tano za kuleta sababu zake. Huyu alikuwa amepitisha zaidi ya mwaka. Nikalala vizuri usiku ule. Kumbe sheria hiyohiyo ina mlango wa uani: anayechelewa anaomba kuongezewa muda, akieleza kwa nini alichelewa.

Nilikwenda kusikiliza, Mahakama Kuu, mjini. Nilikaa benchi la nyuma. Wakili wake akaeleza kwamba mteja alihamishwa gereza, nakala ya hukumu ilichelewa kumfikia, karatasi ilikaa kwenye ofisi moja ikisubiri mhuri wa ofisi nyingine, na kwamba mfungwa hana uhuru wa kufuatilia mambo yake. Jaji akasikiliza kwa upole. Akasema sababu ni za msingi. Akampa muda.

Nilitoka nje. Sikatai kwamba mfungwa naye ana haki; nimesoma shule, najua watu hufungwa kwa kuonewa, na ningekuwa na ndugu jela ningeomba muda huohuo. Lakini mtoto wa miaka kumi alipochelewa majuma kadhaa, kuchelewa kwake kulikuwa ushahidi kwamba anadanganya. Mtu mzima mwenye wakili kachelewa zaidi ya mwaka, kuchelewa kwake kuna sababu za msingi. Nilitaka mtu mmoja tu pale mjini anieleze hilo. Nilimuuliza askari wa mlangoni. Akaniambia, "Mama, pole, hata mie sielewi," na ndilo jibu bora nililopata kwenye jengo lile.

Rufaa ikafunguliwa. Siku ya kwanza mfungwa hakuletwa, gari lilikuwa bovu. Siku ya pili jaji alikuwa na udhuru. Siku ya tatu jalada halikuonekana. Kila safari naacha sofa la mtu Keko limevaa nusu, naambiwa njoo tarehe nyingine, yaani naambiwa na bibi. Mtoto akaingia sekondari. Akarefuka, akaanza kuficha mambo yake kama wasichana wote, akawa anacheka tena kwa sauti. Sikumwambia habari za rufaa. Nilisema nitamwambia ikiisha.

Kisha siku moja mambo yakawa upande wetu, au ndivyo nilivyodhani. Wakili wa serikali alisimama akasema kusudio la rufaa lina kasoro: limeandikwa juu yake jina la mahakama isiyohusika. Wakabishana juu ya kichwa cha karatasi asubuhi nzima, kama watu wanaogombea kiti cha mbele. Mwishowe jaji akaiondoa rufaa mahakamani.

Nikasikia imeondolewa. Nikanunua kuku wawili wa kienyeji nikapika pilau, nikamwalika shoga yangu wa jirani, tukala mpaka tukashindwa kuinuka. Mtoto akauliza leo kuna nini. Nikamwambia Mungu ni mwema.

Kesho yake kwa muuza mkaa bibi akaniambia, kwa huruma kabisa, "Mwanangu, wakili anasema kuondolewa si kufa. Wanarekebisha karatasi, wanarudi."

"Wanarudi wapi?"

"Palepale."

Nikamuuliza kama na yeye hajachoka. Akasema amechoka tangu siku ya kwanza, lakini wakili anamwambia kuna tundu, na mama haliachi tundu la mwanawe. Nilimkasirikia kwa sababu nilimwelewa.

Waliporudi walikuja na lile tundu. Wakili wao alikuwa amesoma kumbukumbu za kesi mstari kwa mstari. Akasimama akasema: Mheshimiwa Jaji, sheria inataka mtoto mdogo asiyekula kiapo aahidi kwanza kwamba atasema kweli na si uongo. Kumbukumbu zinaonyesha hakimu aliandika tu kwamba mtoto ana akili ya kutosha na anaelewa wajibu wa kusema kweli. Ahadi haimo. Bila ahadi, ushahidi wa mtoto si ushahidi, uondolewe. Na ukiondolewa, kesi haina kitu.

Nikamtazama wakili wa serikali, huyu wa kwetu, wa Jamhuri. Nikasema moyoni, haya, mjibu. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akasema: "Mheshimiwa, tunakubaliana na mwenzetu katika hoja hiyo."

Nadhani nilisimama kabla hajamaliza. "Aliahidi!" nikasema. "Mheshimiwa, mtoto aliahidi, nilikuwepo! Alilamba kidole, akagusa chini, akanyoosha juu! Hakimu alimwona, alimwambia nimekuona!"

Mahakama nzima ikageuka. Na mimi, mtu mzima, fundi, mjane, nikajikuta nimelamba kidole changu na kuinama kugusa sakafu ili waone. Kuna mtu alicheka. Jaji hakucheka. Akasema, "Mama, nakusikia. Lakini mahakama hii inasoma kilichoandikwa. Tafadhali kaa." Askari yule wa mlangoni akanishika kiwiko, taratibu, akanitoa nje kabla sijaongeza.

Bibi alikuwa kwenye benchi la nje na kijiti chake. Alikuwa amesikia yote kupitia mlangoni. Aliniangalia, akasema, "Kweli alilamba kidole?"

"Alilamba, mama. Akagusa chini."

Akainamisha kichwa. Sikuwahi kumwona akimtetea mwanawe mtaani baada ya siku hiyo.

Uamuzi ulikuja baadaye. Hukumu imefutwa, kesi isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine, mshtakiwa abaki mahabusu akisubiri. Wakili wa serikali alinifuata koridoni kunieleza kwamba hilo ni zuri, maana jaji angeweza kumwachia huru palepale. Alikuwa anasema kweli, na alisema kwa adabu. Nikamwambia: "Mheshimiwa, hakimu alisahau mstari mmoja. Mtoto hakusahau kitu. Sasa nani anarudia mtihani?" Akasema anaelewa hisia zangu. Nikaondoka kabla sijamwonyesha hisia zenyewe.

Ilibidi nimwambie. Alikuwa kidato cha nne, anajiandaa na mtihani, amekaa uani anapiga pasi sketi ya shule juu ya meza. Nilizunguka maneno, nikaanza na habari za wakili, karatasi, kusudio, mpaka akanikatiza: "Mamdogo, sema tu. Katoka?"

"Hajatoka. Wanataka useme tena."

Aliiweka pasi pembeni. Nikamweleza sababu. Nilimweleza nikiwa nalia, na yeye mwenyewe halii.

"Lakini niliahidi," akasema. "Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sasa?"

"Hawakuandika."

Nikamwambia nilimwahidi hatarudia, na nimeshindwa kuitimiza ahadi yangu, na kama hataki, hakuna atakayemburuta. Jamhuri itafute shahidi mwingine, ikashuhudie yenyewe. Akachukua pasi akamaliza upande wa pili wa sketi, akaitundika. Kisha akaniuliza kama siku hiyo itagongana na mtihani wa moko, ule wa majaribio.

Haikugongana. Wiki ile bibi alikuja mpaka mlangoni kwetu kwa mara ya kwanza tangu mambo yalipotokea. Alileta ndizi. Hakuingia. Alimwambia binti, "Mjukuu wangu, kasema kweli yako," akaondoka na kijiti chake. Sikujua kama nimshukuru au nimlilie.

Chumba kilikuwa kingine, kidogo, kina joto. Hakimu alikuwa kijana, mwenye miwani. Mtoto aliomba nikae ndani na akakubaliwa. Yule bwana alikuwa amekonda, ameota mvi, bado anaangalia dari. Binti yangu sasa ana umri wa kuapa kama watu wazima. Akaulizwa dini, akasema Mkristo. Akapewa Biblia, akaishika mkono wa kulia, akatamka maneno yote kwa sauti ya kusikika, kwamba atasema kweli tupu, ee Mungu nisaidie. Hakimu akasema, "Vizuri. Sasa ieleze mahakama."

Hakueleza. Aliendelea kushika ile Biblia.

"Mheshimiwa," akasema, "umeandika?"

Hakimu akamtazama juu ya miwani. "Nimeandika nini?"

"Kwamba nimeapa."

Mawakili wote wawili wakainamia makaratasi yao. Hakimu akaangalia karatasi yake, akachukua kalamu, akaandika. Nilimwona akiandika. Kisha akasema, "Nimeandika."

"Naomba unisomee."

Akamsomea, neno kwa neno. Binti akasikiliza mpaka mwisho, akaiweka Biblia mezani, akashika pindo la sketi yake, na akaanza kusema.